Sabufa bafuni: umeme ubaki nje, sauti ndiyo iingie

“Habari za kazi, fundi. Bafu letu lina upana wa mita 1.8, urefu mita 2.4, na dari iko mita 2.6 kutoka sakafuni. Kuta zote zina vigae. Nataka kutengeneza mwenyewe spika mbili ndogo na sabufa, vikae humo humo. Nina spika mbili za inchi 3 za ohm 8, sabufa ya inchi 6 na nusu ya ohm 4, na mabaki ya MDF (ubao wa nyuzi za mti) ya milimita 16. Nimefikiria amplifaya ndogo ya volti 24, niiweke kwenye kabati la chini ya sinki, kwani volti 24 si haziui? Rafiki mmoja ameniambia nisijisumbue na sabufa, eti wimbi la besi lina urefu wa mita 8 na zaidi, haliwezi kuenea kwenye chumba kidogo namna hiyo. Mwingine anasema nikipaka MDF rangi ya mafuta mara tatu maji hayaingii. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?”

Ndugu yangu, rafiki yako wa kwanza amekosea. Wa pili naye amekosea, ila kosa lake litachukua miezi kadhaa kuonekana. Wewe mwenyewe kwenye hizo volti 24 umepatia nusu. Tuanze na nusu iliyobaki, maana besi ikitoka vibaya unazima na kurekebisha, lakini umeme bafuni haukupi nafasi ya kujaribu tena.

Ni kweli volti 24 za mkondo mnyoofu zenyewe hazitishi sana. Hatari iko nyuma yake: adapta inayozitoa imechomekwa kwenye umeme wa nyumba. Ngozi kavu hukinza umeme kwa maelfu mengi ya ohm. Mwili ukiwa umelowa na miguu iko kwenye sakafu yenye maji, ukinzani huo unaweza kushuka hadi karibu ohm 1,000. Piga hesabu: volti 230 ukigawanya kwa 1,000 unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. RCD, ile swichi inayokata umeme ukianza kuvuja, hupangwa ikate kwenye miliampea 30. Ona umbali uliopo kati ya namba hizo mbili. Adapta ikipasuka ganda, ikidondoka kwenye maji, au ikiingiwa na mvuke hadi ndani, volti zako 24 hazina tena maana yoyote.

Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za ufungaji wa umeme bafuni, IEC 60364 sehemu ya 7-701, hugawa bafu katika kanda. Ndani ya beseni la kuogea ni kanda 0. Juu yake hadi mita 2.25 kutoka sakafuni ni kanda 1. Sentimita 60 zinazofuata pembeni ni kanda 2. Kwa bafu la mvua lisilo na beseni, kanda 1 huhesabiwa mita 1.2 kuzunguka bomba la maji. Chukua futi kamba upime chumba chako cha mita 1.8 kwa 2.4 na utaona kinabaki kipande kidogo sana nje ya kanda hizo. Kabati la sinki huenda liko ndani ya kanda, na hata kama liko nje, ni mahali penye mabomba, majimaji ya kuvuja na hewa isiyotembea. Si mahali pa amplifaya. Nchi nyingine zina vipimo vyake, na vikiwa vikali zaidi ya hivi, fuata hivyo.

Kwa hiyo amplifaya na adapta vinakaa chumba cha pili au kwenye korido, na kinachopita ukutani ni nyaya za spika peke yake. Adapta iwe na alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kuwa ina kinga maradufu, na itoe volti 24 kwa ampea 4 hadi 5. Saketi inayoilisha ipite kwenye RCD.

Huenda umewahi kugusa chuma cha kifaa kilichounganishwa na adapta ukahisi kama kinakutekenya vidole. Ndani ya adapta nyingi kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa nyumba na upande wa volti ndogo, kazi yake ni kutuliza kelele za umeme. Hupitisha mkondo mdogo sana, chini ya miliampea moja, na huo ndio unaotekenya. Haudhuru mtu mkavu, lakini mtu aliyelowa huuhisi zaidi na anaweza kushtuka akateleza. Kwa hiyo hakikisha hakuna chuma cha spika kinachogusana na saketi. Weka mita kwenye kipimo cha ohm, ncha moja kwenye terminali ya spika, nyingine kwenye fremu ya chuma. Isisome kitu. Ikisoma, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika unaosukuma koni) au waya mwingine umegusa fremu, na spika hiyo isiingie bafuni.

Kuna njia ya kukwepa adapta kabisa: betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya seli nne, volti 12.8, ikae nje ya bafu na ichajiwe wakati hakuna anayeoga. Nguvu hushuka. Kwa volti 12 amplifaya haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 kwenye ohm 4, na kiuhalisia ni pungufu ya hapo. Lakini kwenye chumba chenye vigae spika ya kawaida ikipewa wati 1 au 2 tayari unalazimika kupaza sauti ili kuzungumza. Kama usalama ndio unaokukosesha usingizi, betri inatosha na hutajuta.

Sasa turudi kwa rafiki yako wa mawimbi. Hesabu yake ni sahihi: sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa 40 Hz, yaani mara 40 kwa sekunde, una wimbi la mita 8.6. Alipokosea ni kudhani kwamba wimbi lazima litoshe chumbani ndipo lisikike. Sikio halisikii urefu wa wimbi, linasikia shinikizo la hewa likipanda na kushuka. Spika ndogo za masikioni hutoa besi nzito ndani ya tundu la sikio lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Ndani ya gari besi husikika kuliko sebuleni. Chumba kikiwa kidogo na kimefungwa, koni ikisukuma mbele inabana hewa ya chumba chote kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli ukiziba mdomo wake kwa kidole.

Mpaka wa tabia hiyo unapatikana kwa kugawanya 343 kwa mara mbili ya kipimo cha chumba. Kwako, kimo cha mita 2.6 kinatoa 66 Hz, urefu wa 2.4 unatoa 71 Hz, upana wa 1.8 unatoa 95 Hz. Chini ya 66 Hz bafu lako ni pampu, na kinadharia sauti hupanda desibeli 12 kwa kila oktava unayoshuka (yaani kila Hz zikipungua nusu), ilimradi kuta ni ngumu na mlango umefungwa. Kiuhalisia hupanda, lakini si kwa kiasi hicho chote, kwa sababu upenyo wa chini ya mlango, dirisha na tundu la hewa huvujisha shinikizo.

Hapa ndipo aina ya boksi inapoamuliwa. Sabufa iliyofungwa pande zote, isiyo na tundu, hupoteza desibeli 12 kwa kila oktava chini ya masafa yake ya mwisho. Chumba kinapandisha, boksi linashusha, na vinakutana njiani. Boksi lenye tundu la bomba hushuka kwa desibeli 24 kwa oktava, halafu chini ya masafa ya tundu koni huachwa bila breki ya hewa, inapiga ovyo. Zaidi ya yote, tundu ni mlango wa mvuke kuingia hadi kwenye koili. Bafuni tumia boksi lililofungwa, hata kama sabufa yako ilitoka kwenye boksi la tundu.

Tatizo lako halisi litakuwa besi kujaa mahali pamoja. Yale masafa matatu, 66, 71 na 95, ndiyo chumba kinayavumisha chenyewe, na mawili ya kwanza yamekaribiana mno. Noti fulani ya gitaa la besi itavimba na kuzagaa, inayofuata itapotea. Tena itategemea ulivyokaa: wimbi la 66 Hz, la sakafu hadi dari, lina kimya katikati ya kimo, mita 1.3. Ukisimama masikio yako yako karibu na kimya hicho, ukiketi kwenye beseni unashuka kuelekea kwenye mvumo. Kona ya sakafuni huchochea mavumo yote matatu kwa pamoja. Katikati ya ukuta mrefu, mita 1.2 kutoka kila kona, huliacha lile la 71 Hz bila kuchochewa, na kwa bafu lako ningeanzia hapo kama ni nje ya kanda za maji.

Njia ya kupata mahali bila kubahatisha ni kugeuza kazi. Bafu likiwa kavu kabisa na maji yamefungwa, weka sabufa kwenye kiti pale ambapo kichwa chako kitakuwa. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti moja hadi nyingine. Kisha inama usikilize kwenye kila sehemu ambayo sabufa ingeweza kukaa. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa ukubwa mmoja, ndipo pake. Fizikia haijali nani yuko wapi: njia ya sauti kutoka kwenye boksi hadi sikioni ni ileile ukibadilishana nayo nafasi.

Kwa sauti za juu adui ni vigae. Kigae hunyonya takriban asilimia 2 tu ya sauti inayokigonga. Chumba chako kina mita za ujazo 11.2 na mita za mraba 30.5 za nyuso. Ukiingiza kwenye kanuni ya Sabine, inayokadiria muda wa mwangwi, unapata mwangwi wa karibu sekunde 3 kikiwa kitupu, na mwimbaji anakanyagia maneno yake mwenyewe. Mtu mmoja, taulo mbili nene, zulia dogo la mlangoni na pazia la kitambaa huupunguza mwangwi huo zaidi ya nusu. Kuongeza wati hakusaidii, kwa sababu kunaongeza mwangwi pamoja na sauti. Kinachosaidia ni kuleta spika karibu na masikio na kupunguza sauti. Usibandike sponji ukutani, itaota ukungu. Stereo nayo haina maana sana hapa. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, kuna swichi ya mono, inayounganisha sauti ya kulia na kushoto kuwa moja. Iwashe, maneno yataeleweka zaidi.

Tuje kwenye MDF. Ubao huu ni nyuzi za mti zilizosagwa na kubanwa kwa gundi. Uso wake umeshikana, lakini ukingo uliokatwa hunywa maji kama sponji. Rangi ya mafuta ni ngozi nyembamba juu yake. Itapasuka kwenye kila tundu la skrubu na kwenye ukingo wa duara la spika, maana ndipo chuma kinapobana na kutetemeka kila siku. Mvuke hauhitaji ufa mkubwa. Ukingo ukishafura haurudi hata ukikauka: skrubu zinalegea, hewa inavuja, boksi linaanza kupuliza. Hayo mabaki yatumie kutengenezea kielelezo cha kupimia sauti, kisha boksi la kweli lijenge kwa plaiwudi ya marine ya milimita 18.

Kabla ya kukata chochote, kagua spika zenyewe. Bonyeza ule ukingo laini unaoshika koni. Ukiwa wa raba, vizuri. Ukiwa wa sponji utaoza. Koni ya polipropilini au ya chuma chepesi inafaa, ya karatasi inanyonya unyevu, inakuwa nzito na kulegea. Watu hupaka koni ya karatasi vanishi. Inasaidia kidogo, lakini uzito ukiongezeka bila usawa spika inabadilika sauti. Kama zako ni za karatasi, badilisha hizo mbili ndogo kwanza kwa sababu ndizo zitakazokaa juu, mvuke unakokusanyika.

Maboksi ya spika ndogo hayahitaji useremala. Chukua bomba la PVC la milimita 110, kata vipande viwili vya sentimita 25. Kipenyo cha ndani ni kama milimita 104, kwa hiyo kila kimoja kina lita 2.1, kiasi kinachozitosha spika nyingi za inchi 3. Nyuma ziba kwa kifuniko cha bomba kwa gundi ya PVC. Mbele kata pete ya kipenyo cha milimita 110 kutoka kwenye karatasi ngumu ya PVC ya milimita 10, toboa duara kulingana na spika uliyo nayo (pima, usiamini namba ya inchi), uigandishe kwa gundi ileile. Wengine hukata pete kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Huo kwa kawaida ni polithini, na gundi ya PVC haiishiki kabisa. Jaza ndani gramu 20 hadi 30 za pamba ya polista ya mito, iwe imechambuliwa, isiwe imeshindiliwa. Weka gasketi ya raba chini ya fremu na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Zifunge ukutani nje ya kanda, zikiinama kuelekea chini digrii 10 hadi 15. Kuna sababu. Mvuke hugeuka umande kwenye uso wa baridi, na fremu ya chuma ndiyo hupoa haraka. Matone hujikusanya kwenye ukingo wake wa juu, yanakuwa mazito, yanateremka. Spika ikiangalia mbele sawasawa, tone hutuama kwenye kikunjo cha raba. Ikiangalia juu, hujaa katikati ya koni kama kikombe. Ikiinama, tone hudondoka sakafuni na kazi imeisha. Waya nao utoke chini ya boksi, ushuke kwanza kama sentimita 10 kisha upande kuelekea ukutani, ili maji yanayofuata waya yadondoke kwenye kile kipindo badala ya kuingia tunduni.

Silikoni ya kuzibia chagua kwa pua. Ile inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi inayokula shaba na risasi ya kulehemu. Baada ya muda kiungo kinageuka kijani na sauti inakatikakatika. Nunua iliyoandikwa kuwa haina asidi. Viungo vyote ulivyolehemu vipake vanishi ya umeme au grisi kabla ya kufunga.

Sabufa inahitaji hesabu kidogo. Kwenye karatasi yake tafuta vipimo vitatu: Fs (masafa ambayo spika huvuma yenyewe), Qts (jinsi mvumo huo unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa kishikio cha koni). Tuseme ni 38 Hz, 0.42 na lita 18. Kwa boksi lililofungwa tunalenga Qtc, yaani ile Q spika ikiwa ndani ya boksi, ya 0.707, ambayo haivimbi wala haikauki. Gawanya 0.707 kwa 0.42, unapata 1.68. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, 2.83. Toa moja, 1.83. Gawanya Vas kwa hiyo: 18 kwa 1.83 ni lita 9.8. Na ukizidisha 38 kwa 1.68 unapata 64 Hz, ndipo boksi linapoanza kushuka. Ona lilivyokutana na 66 Hz ya chumba chako. Spika yako ikiwa na namba nyingine, rudia hesabu, na kama Qts imezidi 0.6 hivi, boksi litakuwa kubwa mno na ningekushauri utafute sabufa nyingine.

Kwa lita 10 halisi jenga lita 11.2, kwa kuwa sumaku na kipande cha kuimarisha hula zaidi ya lita moja. Ndani iwe sentimita 20 kwa 20 kwa 28. Kwa plaiwudi ya milimita 18 kata: mbele na nyuma mbili za 23.6 kwa 31.6, pembeni mbili za 20 kwa 31.6, juu na chini mbili za 20 kwa 20. Tumia gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, bana usiku kucha. Kisha epoksi: tabaka mbili ndani, tatu nje, na uanze na kingo zilizokatwa, zinywe hadi zishibe. Ukingo wa duara la spika ndio watu husahau, na ndio huoza kwanza. Matundu ya skrubu yatoboe makubwa, yajaze epoksi, yakikauka yatoboe upya kwa kipimo sahihi. Hapo skrubu itauma kwenye plastiki na haitagusa mti. Miguu iwe ya raba, ya sentimita 2 au 3, boksi lisikae kwenye maji ya kudekia.

Mwisho, toboa upande wa chini tundu moja la milimita 1. Najua linaonekana kama kuharibu boksi ulilohangaika kuliziba. Hewa iliyofungwa ikipata joto la nyuzi 5 tu zaidi, shinikizo linapanda kama asilimia 1.7. Kwenye koni ya inchi 6 na nusu huo ni msukumo wa takriban kilo 2, unaoisogeza koili kutoka katikati wakati wote unapooga. Tundu la sindano hulisawazisha polepole, na halina muda wa kuvujisha besi.

Amplifaya: bodi za 2.1 (spika mbili na sabufa moja) zinazotumia chipu ya TPA3116D2 zinatosha kabisa. Maandishi ya “wati 100” kwenye njia ya sabufa yanahusu mzigo wa ohm 2. Kwa ohm 4 na volti 24 tarajia kama wati 60, ambazo hutazimaliza. Bodi hizi husukuma nyaya zote mbili za spika, kwa hiyo waya hasi si ardhi: usiunganishe hasi za spika pamoja, wala usizifunge kwenye chuma chochote. Kati ya bodi na kila spika ndogo weka kapasita ya 100 µF isiyo na upande wa chanya na hasi. Kwa ohm 8 inaanza kuzuia karibu 200 Hz. Haikati vizuri kama kwenye karatasi, kwa sababu ukinzani wa spika hubadilika karibu na mvumo wake, ila inaondoa kazi iliyo ngumu zaidi: kila masafa yakipungua nusu, koni hutakiwa kusogea mara nne ili itoe sauti ileile. Kichujio cha sabufa kianze 150 Hz, ukishushe taratibu hadi sauti ya mwanamume isitoke tena sakafuni.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa sabufa na 0.75 kwa spika ndogo unatosha kwa mita 6. Vyote viwili hupoteza kama asilimia 3 na nusu ya ohm za spika. Bluetooth ya bodi iliyo nyuma ya ukuta kwa kawaida hupenya, lakini ukuta wenye wavu wa chuma nyuma ya vigae unaweza kuizuia. Jaribu kabla ya kutoboa.

Ukiwasha mara ya kwanza, piga toni moja inayopanda polepole kutoka 30 hadi 200 Hz kwa programu ya simu, sauti ya wastani. Kioo, kifuniko cha choo, mlango wa kabati na bomba lililolegea vitajitaja kimoja kimoja. Vitulize kwa vipande vya raba. Kisha geuza nyaya mbili za sabufa na usikilize toni ya karibu 150 Hz ukiwa mahali pako: mpangilio unaotoa sauti kubwa zaidi ndio sahihi. Kama chini yenu kuna watu wanaoishi, raba za miguu zitapunguza mtetemo wa sakafu, lakini besi inayopita hewani hazitaigusa.

Naomba nikupimie pia kama unahitaji yote haya. Ukitaka tu kusikiliza taarifa ya habari unapooga, spika ndogo ya betri yenye kiwango cha IPX7, iliyotengenezwa kuvumilia nusu saa ndani ya maji ya mita 1, itakutosha, na usiichaji bafuni. Kama dari yako ni ya jasi au PVC na juu yake kuna nafasi kavu, vitetemeshi vya kubandika nyuma ya dari hugeuza dari kuwa spika bila kitu chochote kuonekana. Havitoi besi ya maana, lakini sabufa uliyoijenga inaweza kuvijaliza.

Muite fundi umeme mwenye leseni kabla ya kutoboa ukuta usiojua nyaya na mabomba yamepita wapi, ukihitaji soketi mpya, au kama nyumba haina RCD. Na kama siku yoyote bomba la maji au mlango wa chuma wa bafu utakutekenya, hata spika zikiwa zimezimwa, zima umeme kwenye swichi kuu na msitumie bafu hadi aje. Hapo tatizo haliko kwenye spika, liko kwenye waya wa ardhi wa umeme wa nyumba.

Baada ya mwezi mmoja wa kuoga, fungua spika ndogo iliyo karibu zaidi na maji na uangalie ndani. Pamba ikiwa kavu na terminali zinang’aa, funga, utazame tena baada ya miezi 6. Ukikuta unyevunyevu, acha maboksi hayo ya PVC wazi chumba kingine siku mbili, kisha tafuta pale waya unapoingilia, kwani mara nyingi ndipo maji hupita.